Kuliweka Jina Sawa

Kazi yangu ni majokofu. Hapa Rumonge wananiita frigoriste, hata wale wasiojua neno jingine la Kifaransa. Sikuisomea shuleni. Nilianza katika kambi ya wakimbizi Tanzania kwa kufungua friji bovu la zahanati, kisha nikajifunza Kifaransa kwa kamusi ili niweze kusoma kitabu kimoja cha ufundi wa baridi. Tuliporudi Burundi nilifanya mtihani wa ufundi, nikafaulu. Cheti changu ni cha kweli. Nalisema hili mapema kwa sababu baadaye kilikuja kutiliwa shaka pamoja na vingine vyote.

Miaka hii kazi imepungua. Mashine zipo, kilichoadimika ni umeme, na mafuta ya jenereta. Wachuuzi wanaonunua samaki Magara, kando ya ziwa, wamerudia chumvi na jua. Hakuna anayeniita kutengeneza jokofu ambalo siku hizi anawekea nguo.

Ndipo niliposoma kwamba Kanada inatafuta mafundi wa kazi yangu. Nilisoma masharti kwenye tovuti yao wenyewe, nikayarudia mpaka nikayazoea. Umri wangu ulikuwa bado unakubalika, ingawa kwa shida. Mke wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akatoa sharti moja. Alipokuwa mdogo wazazi wake walimwacha kambini kwa shangazi, wakatangulia kutafuta mahali pa kuishi. Walipoonana tena alikuwa mtu mzima, na hawakuwa na la kuzungumza.

“Mtoto haachwi nyuma,” alisema. “Tunakwenda watatu, au tunabaki.”

Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuwa na miaka kumi na sita.

Nilijaza fomu mwenyewe mpaka kwenye kisanduku cha jina la ukoo. Hapo nikakwama. Kwetu hakuna jina la ukoo. Kila mtoto hupewa jina lake la Kirundi, lake peke yake; baba ana lake, mama ana lake, na ndugu wa tumbo moja kila mmoja ana lake. La binti yetu lilitolewa na mama yangu, juma lile tulilovuka mpaka kurudi nyumbani, na maana yake ni kwamba tumefika. Nilihofia kwamba ofisa wa mbali, akiona majina matatu yasiyofanana, ataona watu watatu wasiojuana. Kwa ajili ya kisanduku hicho kimoja nilikwenda Bujumbura, kwenye ajansi ya mambo ya viza.

Ilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa. Kijana mwenye tai alinikaribisha vizuri.

“Amahoro, muzee. Keti. Frigoriste? Wee! Kule joto iko kidogo, lakini friji iko mingi.”

Alicheka, nami nikacheka. Alipofungua paspoti zetu tatu akatikisa kichwa.

“Sasa hii iko famili ama iko abiria wa basi? Kila mutu na jina yake!”

“Ndivyo tunavyoitana. Hata wewe, mtoto wako haitwi jina lako.”

“Mimi siombe viza, muzee.” Akazifunga paspoti. “Hii iko kitu kidogo. Jina ya mutoto tutaiweka sawa. Sawa?”

“Sawa,” nikajibu.

Nimelifikiria neno hilo kwa muda mrefu. Mtu akikuambia ataweka jambo sawa, unaelewa kwamba atalinyoosha, atalipanga, ataeleza kilichohitaji maelezo. Niliona mbele yangu barua fupi iliyoandikwa vizuri, inayosema jinsi Warundi wanavyopeana majina. Nilishuka ngazi nikiwa mwepesi.

Tulingoja zaidi ya mwaka. Nilipoomba kuiona dosiye, yaani faili la maombi yetu, kijana alisema iko ndani ya kompyuta, na kwamba barua zote zinafika kwake. “Ukiishikashika itaharibika, muzee.” Mimi ni mtu wa kukagua. Jokofu nililotengeneza silirudishi kabla sijaliona likigandisha maji. Lakini hapo nilikubali, kwa kuwa alisema kama mtu anayeijua kazi yake.

Jibu liliingia kwenye simu yangu asubuhi moja, limetumwa na yule kijana bila salamu, bila neno lake hata moja. Nilikuwa ufukweni mwa ziwa, mikono imejaa grisi. Nilisoma Kifaransa cha jibu hilo polepole. Katika cheti cha kuzaliwa tulichopeleka, binti yangu alikuwa na jina langu. Katika paspoti yake alikuwa na jina lake. Cheti kilikuwa cha kughushi. Nilikuwa nimeandikiwa barua ya kutakiwa maelezo, nikanyamaza. Kwa hiyo nimekataliwa kwa udanganyifu, na siruhusiwi kuomba tena kwa miaka mitano.

Barua hiyo ya kutakiwa maelezo sikuwahi kuiona. Ilikuwa imefika kwake.

Nilipanda gari siku hiyo hiyo. Kijana alikuwa pale pale, tai ile ile.

“Nani aliandika cheti hiki?”

“Muzee, tulia. Nilikuambia jina tutaiweka sawa.”

“Uliniambia utaliweka sawa. Hukuniambia utalifuta.”

“Baba na mutoto, jina moja. Si ndiyo sawa hiyo? Na wewe ulijibu nini?”

Wateja wawili waliokuwa wakingoja kwenye benchi walitutazama, halafu wakatazama bahasha zao. Hakuna aliyeinuka kuondoka.

Nilipofika nyumbani niliirudia tovuti, safari hii nikitafuta neno moja tu, jina. Lilikuwepo, katika ukurasa wa maswali ambao sikuufungua kwa sababu nilidhani ni wa watu wasiosoma masharti. Ilisemwa kwa sentensi mbili kwamba majina ya wazazi na watoto si lazima yafanane, na mwenye wasiwasi aambatanishe maelezo. Barua ile niliyoifikiria ningeweza kuiandika mwenyewe mezani kwangu.

Jioni niliwaeleza wote wawili, kwa mpangilio, bila kuficha kitu. Mke wangu alikuwa akipakua wali na samaki. Aliuliza swali moja.

“Miaka mitano ikiisha?”

“Mimi nitakuwa nimezeeka kwa hesabu zao, ila wewe unaweza kuomba, nami nikaingia kama mume wako. Tatizo ni yeye. Atakuwa na miaka ishirini na miwili. Kwao huyo si mtoto tena. Hataingia katika dosiye yetu.”

Binti alikuwa ameishika simu yangu, anasoma lile jibu. Alilitamka jina alilopewa katika kile cheti, mara mbili, kama mtu anayejaribu kiatu.

“Basi mtakwenda ninyi wawili,” alisema. “Mimi nitabaki kwa bibi. Mtanitumia pesa.”

“Kula,” alisema mama yake.

“Mama, nasema kweli. Mimi sioni—”

“Nimesema kula! Samaki anapoa.”

Alisukuma sahani mpaka ikagusa mkono wake. Binti aliweka simu chini, akaanza kuchambua miiba. Mke wangu hakukaa kula na sisi. Alisimama nyuma ya kiti cha mtoto, mikono juu ya mabega yake, mpaka sahani ikawa tupu. Tangu jioni hiyo hatujataja Kanada nyumbani kwetu.