Siku Niliyopiga Kwata Mbele ya Madaktari

Watu wakiona suruali yangu ilivyokunjwa na kufungwa pini huku kushoto, husema pole sana mzee, vita si mchezo, na mimi huitikia asante, nimeshapoa, huku nikitazama pembeni. Leo acheni niseme kweli, mkitaka kucheka mcheke. Vita havikuuchukua mguu huu. Vita viliniumiza, ndiyo, lakini nilirudi nyumbani Mikumi na miguu yangu yote miwili, nikakaa nayo miaka, na huu wa kushoto niliupoteza Kilosa mjini, mchana kweupe, mbele ya umati wa watu, kwa ajili ya suruali iliyopigwa pasi.

Nilikwenda vitani kama mgambo, wakati ule wa kumtoa Nduli, tukiwa vijana wengi kutoka vijiji vya Kilosa. Cheo sikuwa nacho (pale Mikumi waliniita Koplo, nami sikuona sababu ya kuwasahihisha). Ng'ambo ya Mto Kagera kombora lilipasuka karibu yetu, kipande cha chuma kikaingia kwenye paja langu na kukaa huko huko mfupani. Wakanishona, nikapona, tukarudi tukapokewa kwa ngoma, mwenyekiti wa kijiji akahutubia mpaka sauti ikamkauka, nikabebwa mabegani. Miezi michache baadaye paja likavimba, likaiva, likapasuka lenyewe, ukatoka usaha na vijipande vya mfupa kama punje za mchele. Likakauka nikasema limekwisha, likarudi. Ndivyo lilivyokuwa, linafunga linafunguka, na kila likitaka kufunguka homa inanilaza, na likishafunguka nyumba inanuka mpaka mgeni anaaga kabla hajakaa.

Aliyeniosha ni mke wangu, Mama Tatu, mtu wa Zombo. Alilima peke yake, akirudi anachemsha maji ya chumvi, ananisafisha, ananifunga. Miaka ile hata sabuni ilikuwa ya kutafutwa, bendeji ndiyo usiseme, kwa hiyo alizichana kanga zake moja baada ya nyingine zikawa bendeji, mpaka akabakiwa na doti moja ya kutokea. Sikuwahi kumsikia akilalamika, na mimi kwa ujinga wangu nilidhani ni kwa sababu kazi yenyewe si ngumu.

Mganga wa zahanati yetu alinipiga sindano za penisilini, zile za PPF, kila zilipopatikana, lakini alinieleza bila kuficha kwamba chuma kimo mfupani, na nisipopasuliwa hospitali kubwa Dar es Salaam kikatolewa, mguu utakatwa au utaniua. Ndipo zikaja habari kwamba madaktari wa jeshi watakaa Kilosa siku moja kuwaangalia waliojeruhiwa vitani, na watakaoonekana wanahitaji watapelekwa Dar kwa gari la jeshi. Mganga alikuja nyumbani mwenyewe kuniambia. Alikaa kwenye kigoda akanishika goti.

"Koplo, nakuomba kitu kimoja," akasema. "Usiende kishujaa. Nenda kama unavyokuwa hapa kitandani, uwaambie yote."

Nikamwambia nimeelewa. Na nilikuwa nimeelewa kweli, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Sasa kosa lenyewe lilianza kidogo tu. Siku moja kabla ya safari niliwaza, nitasimamaje mbele ya maafisa na shati la shamba, watasema huyu naye alikuwa askari? Nikaitoa kwenye sanduku la chini ile suruali ya kaki na shati lake, nikazifua kwa majani ya mpapai kwa kukosa sabuni, nikachukua unga wa muhogo ambao Mama Tatu alikuwa ameuweka kwa ajili ya ugali nikapika uji mwepesi wa kutilia nguo wanga (siku hiyo tulilala na mboga za majani bila ugali, na watoto wakaniangalia), nikaazima pasi ya mkaa kwa fundi cherehani, nikaipiga ile suruali mpaka ungeweza kuisimamisha peke yake. Asubuhi nikanyoa ndevu. Mguu ulikuwa umevimba, buti likakataa, Mama Tatu akapiga magoti kunisukumia mguu ndani ya buti huku jasho likinitoka, akauliza bila kuinua kichwa, "Baba Tatu, unakwenda kutibiwa au unakwenda kuoa?"

Nikacheka. Na bahati mbaya nyingine ni kwamba wiki ile kidonda kilikuwa kimefunga. Anayeujua ugonjwa huu anajua kwamba hizo ndizo siku mbaya kuliko zote, usaha uko ndani na hauna pa kutokea, paja linawaka, lakini kwa macho ni kovu tu linang'aa. Mama Tatu alilifunga kipande cha kanga, cha maua mekundu, kwa tahadhari.

Tulipata lori la mahindi, tukapita kijiji cha Ulaya tukiwa juu ya magunia, na kila shimo la barabara nililipokea kwa paja. Kilosa mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, uwanja wa mbele ya ukumbi walimokaa madaktari ulikuwa tope tupu. Barazani wamejaa wenzangu, na miongoni mwao Yohana, mtu wa milimani tuliyekuwa naye kikosi kimoja, mkono wake mmoja umenyauka. Yohana hakunyoa. Alijifunika blanketi kwenye joto lile, amelaza kichwa kwenye bega la mkewe, anaguna kila pumzi ikipita. Nikaona aibu kwa niaba ya jeshi zima. Nikamwinamia nikamwambia ndugu yangu jikaze, unatutia haya.

Yohana akaniangalia kuanzia buti mpaka kofia. "Ndugu yangu," akasema, "leo ndiyo siku ya kulia. Tukijikaza leo tutalia lini?"

Nikaona maneno ya mtu legelege. Jina langu likaitwa, na pale mlangoni nikampa Mama Tatu fimbo yangu anishikie. Akasema ingia nayo. Nikamwambia hairuhusiwi. Akasema basi nitaingia na wewe nikusaidie kueleza, nikamwambia hilo pia haliruhusiwi (nilivitunga vyote viwili palepale, hakuna aliyekataza kitu).

Ndani kulikuwa na madaktari watatu mezani, na wa katikati alikuwa Meja, amevaa sare yake kamili. Nilipoiona sare ile, visigino vikagongana vyenyewe, mkono ukapanda.

"Jambo, afande."

Meja akatabasamu, nadhani alikuwa amechoka kusikia maguno tangu asubuhi. Akauliza habari za mguu. Nikasema, "Nzuri, afande."

Sasa nyinyi wenzangu niambieni, nani kati yetu anayeulizwa habari akajibu mbaya? Hata maiti iwe ndani tunasema nzuri kwanza, tunavuta pumzi, halafu ndipo tunasema ila tuna msiba. Mimi nilikuwa naingojea hiyo ila yangu. Niliiandaa toka Mikumi, na ilikuwa ndefu, yenye homa ndani yake na mifupa na kanga za mke wangu. Lakini Meja aliuliza la pili kabla sijavuta pumzi, je, unasumbua? Kidogo tu, afande. Nikashusha suruali, nikaifungua kanga, wakaona kovu. Mmoja akabonyeza nikaona nyota. Panauma? Kawaida, afande. Vaa utembee tuone. Nikajifunga ile kanga mwenyewe haraka haraka (kazi ambayo sikuwahi kuifanya, ya Mama Tatu ile), nikapandisha suruali, na badala ya kutembea kama mtu nikapiga kwata, mikono mpaka mabegani, nikafika ukutani nikageuka, nikarudi. Moyoni nilikuwa najiambia sasa hivi wataniuliza jambo jingine nami nitalisema. Meja akapiga meza kwa kiganja, akasema huyu ni askari.

Hapo ningeweza bado kufungua mdomo. Lakini nisiwadanganye, ile sifa ilinikolea. Tangu ngoma za mapokezi zinyamaze hakuna aliyewahi kuniita askari, waliniita mgonjwa.

Meja akanishika bega akanitoa barazani. Akawaambia wote mtazameni mwenzenu, amejeruhiwa lakini hakujilegeza, kisha akaniamuru niwapange wanaoweza kusimama niwapitishe uwanjani, wachangamshe damu. Na mimi, mtu niliyetakiwa kuwa nimelala chali, nikasimama barazani nikapiga kelele mguu sawa! Wakasimama maskini, mwenye gongo, mwenye jicho moja, tukashuka kwenye tope, mbele tembea, kushoto kulia, na watu wa sokoni wakaanza kusogea kutazama.

Nilifika katikati ya uwanja nikasikia joto likishuka pajani. Lilikuwa limepasuka. Likateremka mpaka ndani ya buti, na wakati huohuo nikasikia watoto wakicheka, halafu wakubwa, nikatupa jicho chini nikaona kile kipande cha kanga kimefunguka, kinatoka kwenye ncha ya suruali na kuburuta kwenye tope nyuma yangu, maua yake mekundu yakionekana vizuri. Mwanamke mmoja akasema loo, afande kavaa kanga ndani! Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na mimi nifanye nini sasa, nikatoa amri ya nyuma geuka, nikageuka, buti la kulia likaikanyaga ile kanga, nikaenda chini kifudifudi, suruali ya pasi, kofia, na Koplo mwenyewe, vyote kwenye tope.

Meja alishuka mbio. Lile tope lilinisitiri, hakuna aliyeweza kutambua maji ya mvua ni yapi na ya kidonda ni yapi. Akainama juu yangu, watu wakanyamaza.

"Vipi, askari? Umeumia?"

Kama Mungu aliwahi kunifungulia mlango ni pale. Palikuwa kimya, na mwenye uwezo wa kunipeleka Dar alikuwa ameniinamia akiuliza. Nikasema, "Nimejikwaa tu, afande."

Mama Tatu alikuwa ameshafika, fimbo yangu mkononi, kanga yake ya kutokea imeingia tope mpaka magotini. "Si kweli," akasema. "Mguu wake umeoza, afande. Ukipasuka nyumba hailaliki. Mimi ndiye ninayeuosha, niruhusu nikufungulie uone."

Akapeleka mkono kwenye suruali. Nikaukamata mkono wake. Nikainua kichwa, nikawatazama wale watu waliokuwa wakinicheka, nikasema kwa sauti ya kuwachekesha, "Msimsikilize, afande, huyu ana maneno mengi. Hajui kitu."

Wakacheka. Kicheko kikahama kutoka kwangu kikamwendea yeye, amepiga magoti kwenye tope, na nawaambia ukweli wenyewe unaonitoa usingizini: niliona nafuu. Meja alisimama akitutazama mimi na yeye. Akaniuliza mara ya pili kama nina hakika, nikasema nina hakika. Basi akamwambia Mama Tatu kwa upole kwamba mwenyewe ameshasema, akarudi ndani kuwaona wengine. Yohana alikwenda Dar. Mimi nilipandishwa kwenye lori kwa kusukumwa.

Mama Tatu hakunigombeza. Juu ya magunia alivua kanga yake ya kutokea, akaichana kwa meno, akanifunga. Tulipokaribia nyumbani ndipo aliposema, akitazama barabara, "Miaka yote nimekuosha, leo umesema sijui kitu." Sikumjibu, kwa sababu jibu lilikuwa kuomba radhi, na nilikuwa bado nimevaa sare.

Masika hayakuisha homa ikanitupa chini kwelikweli. Nilipelekwa hospitali moja ya misheni nikiwa sijitambui, na huko hawakuwa na la kufanya isipokuwa kukata, juu kabisa karibu na nyonga, kuokoa roho. Daktari alisema, si kwa kunilaumu, kwamba ningewahi kupasuliwa huenda mguu ungebaki. Mama Tatu alikuwepo akisikia. Angeweza kunitazama wakati ule, hakunitazama.

Nimeapa kwamba sitaingia tena kwa daktari yeyote nikiwa nimepiga pasi, wala peke yangu, na kiapo hicho nilianza kukitimiza wodini humo humo. Siku ya pili baada ya kukatwa daktari alipita kitanda kwa kitanda, akafika kwangu, akauliza habari za leo. Na mimi, nikiwa na kisiki kinachovuja damu chini ya shuka, nikasikia mdomo wangu ukifunguka wenyewe kusema nzuri.

Mama Tatu alikuwa amekaa kwenye mkeka kando ya kitanda. Akainuka, akasimama kati yangu na daktari.

"Anaumwa," akasema. "Hakulala. Jana alitapika mara mbili na huku pembeni kumeanza kunuka, njoo nikuonyeshe."

Daktari akanitazama kuona kama nitampinga. Mama Tatu naye akageuka akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu Kilosa. Nikamwambia daktari, msikilize yeye. Basi akaendelea kusema, akaeleza yote tangu kombora, polepole, bila kusahau kitu, na mimi nililala pale nikilia mbele ya wodi nzima na kukubali kwa kichwa kila neno.