Ngurumo Hailoweshi Omena

Nisikilize kidogo, wewe unayengoja tone la mvua ndipo ukimbie radi. Dada yangu mkubwa alikuwa hivyohivyo.

Huuza omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, kule kisiwani Rusinga. Alasiri hiyo alikuwa ameianika ufuoni, juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa mchangani. Omena ikinyeshewa kabla ya kukauka huoza, na anayeitaka ni muuza chakula cha kuku tu. Basi wanawake wa pale huiacha juani hadi tone la kwanza lianguke.

Wingu lilikuwa likipanda upande wa bara. Msimu wa mvua, huku kwetu ngurumo husikika karibu kila alasiri. Jua hupasha nchi kavu haraka kuliko maji. Hewa ya bara ikipata joto hupanda, na upepo wenye unyevu kutoka ziwani huingia mahali pake. Unyevu huo nao ukipanda hadi kwenye baridi huwa wingu refu, na humo chembe za barafu hugongana mpaka umeme ujikusanye. Ukizidi, hutafuta njia ya kushuka. Haungoji mvua.

Ikanguruma. Mimi, mwalimu wa shule niliyekuja kumtembelea, nikamwita.

"Dada, twende ndani!"

"Ndani kufanya nini? Ngurumo hailoweshi omena."

Wenzake wakacheka. "Mwambie mwalimu atuanikie ubaoni!"

"Dada, tafadhali."

"Wewe omena unaijulia kwenye sahani. Niache."

Anga ikamweka. Nikahesabu sekunde moyoni hadi ngurumo isikike, kila sekunde tatu ni kama kilomita moja. Nilifika tisa. Mmweko wa pili, nikafika nne tu, na yeye bado amesimama kwenye ufuo mtupu, karibu na nguzo ya kufungia mitumbwi. Nikashika pembe ya wavu wake, nikaanza kukunja bila ruhusa. Alinitukana kwa Kijaluo, kisha akashika pembe ya pili. Wenzake walipoona hivyo nao wakakunja, wakilalamika.

Tulikuwa ndani ya ghala la matofali mwanga mweupe ulipotupofusha. Nguzo ile ilipasuka katikati. Mchanga ulikuwa ungali mkavu.

Nusu ya omena iliharibika kwa kukunjwa mbichi. Dada aliketi juu ya gunia, akanishika mkono, akaushikilia.

Ukisikia ngurumo, hata kama jua linawaka, ingia kwenye nyumba imara au gari lililofungwa, na usitoke hadi nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho.