Nundu kwenye Grafu

Wiki ile kiti hakikukalika. Nilikuwa nimerudi Garissa kwa mama kumalizia tasnifu, na kila nikikaa mbele ya kompyuta, miguu inanitoa hadi langoni kisha inanirudisha. Joto lilikuwa la kuchoma. Kompyuta nimeiweka juu ya sinia lililokalia kitambaa kibichi, na bado inanguruma.

Kazi yangu ilikuwa kuzipanga galaksi kwa aina, kisha kuona katika kila aina ngapi ni angavu na ngapi ni hafifu. Zenye umbo la yai zimezeeka, ni nyekundu. Zenye mikono iliyojipinda bado zinazaa nyota, kwa hiyo ni samawati. Katika grafu ya zile nyekundu, upande wa hafifu, palikuwa na nundu ambayo sikuwahi kuiona katika kazi ya mtu mwingine. Msimamizi wangu, mtu asiyesifu ovyo, aliniandikia: "Kama ni kweli, una jambo jipya. Hakikisha kabla ya Ijumaa." Nafasi ya uzamivu niliyoitamani ilitaka jambo jipya, nami sikuwa na jingine.

Mama alishatangaza. Alimpigia mama mdogo kule Ijara: "Huyu wetu ameona kitu mbinguni ambacho wazungu hawajakiona!" Nilipomsihi anyamaze akanijibu, "Hooyo, la heri halifichwi." Kwetu mama na mtoto huitana hivyo hivyo, hooyo.

Lakini lile "kama" la msimamizi lilinikera mno. Nikaamua kutazama picha za galaksi zilizofanya ile nundu, moja moja. Mwanzoni nilizipanga kwa rangi tu. Nimekulia kwa bibi kule Ijara, ambako ng'ombe huitwa kwa rangi yake, na rangi ikishatajwa hakuna anayeuliza zaidi. Umbo sikulijali.

Nikafungua ya kwanza: mstari mwembamba. Ya pili: mstari. Zilikuwa galaksi zenye mikono, zimetugeuzia ubavu, na vumbi lililomo ndani yake limezipunguza mwanga na kuzifanya nyekundu. Nikaenda langoni, nikarudi, nikafungua nyingine huku naomba iwe yai. Mstari tena. Nilikasirika, nikaendelea kufungua hadi ya mwisho.

Nikaziondoa zote. Nundu ikalala, nikabaki na grafu kama ya kila mtu. Nikamtumia msimamizi haraka, kabla sijajishauri vingine.

Mama akaingia na chai ya maziwa ya ngamia. "Vipi kile kitu?"

"Hakipo, hooyo. Lilikuwa vumbi."

Akatoa simu. Nikasema moyoni, basi leo naumbuka mpaka Ijara.

"Abaayo," yaani dada, alimwambia mama mdogo, "kile kitu cha mbinguni hakipo. Ndiyo, ana uhakika. Amekiondoa mwenyewe." Akasikiliza kidogo. "Hapana," akasema, "hajalia."

Hapo ndipo nikalia.