Zamu ya Uji Shuleni Kwetu

Enzi zetu, ile shule ya binafsi ya Kibaha ambayo leo ina ghorofa na mabasi ya njano ilikuwa mabanda mawili ya kuku yaliyopigwa chokaa. Mvua ikinyesha, harufu ya wenyeji wa zamani ilirudi darasani. Mwalimu mkuu wetu, mama mstaafu tuliyemwita Bibi Mwalimu, hakujali. "Ninyi mnapita tu hapa," alituambia. "Mnakwenda chuo kikuu."

Ilikuwa shule ya kutwa isiyo na jiko, kwa hiyo mama zetu walipeana zamu ya kutuletea uji wa saa nne. Mama yangu, mtu wa Bukoba, alipika wa ulezi, mzito hata kijiko kinasimama. Siku moja akatokea na sufuria kichwani, jasho linamtoka, akakuta nusu ya darasa wamefunga. Mwezi ulikuwa umeandama jana yake, yeye hana habari! Sisi tusiofunga tukakataa kunywa mbele ya wenzetu. Mama akabaki mlangoni, amenywea. "Jamani, sasa niumwage?"

"Usiumwage," akasema Bibi Mwalimu. "Watafuturu nao hapa hapa. Wakiusubiri, watasoma."

Rafiki yangu Zuhura nusura aruke kwa furaha. Kwao ni Dutumi, ila alikaa Tumbi kwa shangazi yake. Mtihani wa kidato cha sita ulikuwa mlangoni, hesabu zinamtesa, na masomo ya jioni alikuwa akiyakosa kwa sababu shangazi alimtaka nyumbani alasiri apike futari. Jioni ile shangazi akaja kumfuata, kafura kwelikweli. Adhana ya magharibi ikamkuta pale shuleni. Mama, aliyekuwa amerudi kugawa uji wake, akampa kikombe.

Akanywa, akakunja uso. "Uji gani huu hauna pilipili manga?"

Kesho yake alikuja mwenyewe na pilipili manga yake, na mihogo ya nazi juu. Zuhura akasoma nasi jioni mwezi mzima. Alifaulu, na leo anafundisha hesabu chuo kikuu. Mihogo ile naiota mpaka sasa.

Binti yangu anasoma pale pale. Kila mtoto na kibakuli chake chenye mfuniko, na vile vidude vyao masikioni. Nikimuuliza jirani yake wa dawati anakula nini, ananishangaa: "Mama, kila mtu na maisha yake."

Mama sasa haoni vizuri, na sufuria haiwezi tena. Ramadhani iliyopita, magharibi, Zuhura aliingia kwetu na uji wa ulezi.

"Shikamoo mama. Leo zamu yangu."

"Marahaba, mwanangu." Mama akaonja, akaonja tena. "Umetia pilipili manga."

"Ya shangazi, mama."

Shangazi tulikuwa tumemzika miezi michache tu nyuma. Tukanywa, na mimi machozi yakanitoka. Bibi Mwalimu alisema tunapita tu pale. Wenzangu walipita. Mimi, moyoni, sijatoka bado.