Ile S Ilikuwa Yangu

Ni mimi niliyemuuliza yule mzee anakaa wapi kana kwamba ni mtoto mwenzangu. Miaka yote hii nimesema ni dada yangu. Nimesema hivyo misibani, harusini, na mara moja darasani chuo kikuu, nikifundisha, ajabu ya mambo, ukweli katika uandishi.

Ilikuwa Sumbawanga, miaka ya Ujamaa, tulipomwita ndugu hata aliyetukanyaga kwenye foleni ya sukari. Mama alikuwa mkunga hospitalini. Daktari mmoja aliyefanya naye kazi, mwanamke kutoka Kuba, alikuwa jirani yetu, na jioni alitufundisha Kihispania mimi na dada. Dada alikuwa na miaka kumi na mitatu na sababu nzuri: alitaka kwenda Kuba kusomea udaktari. Mimi nilikuwa na kumi, na sababu yangu ilikuwa biskuti.

Dada alijifunza kwa masikio. Mimi nilimwomba daktari aniandikie kila kitu, nikanakili daftarini kwa mwandiko nilioamini taifa litauhitaji. Siku moja akatueleza kwamba kuna njia mbili za kumuuliza mtu anakaa wapi. Mkubwa au mgeni unamwambia *¿Dónde vive usted?*, na hiyo *usted* unaweza kuiacha. Mwenzako unamwambia *¿Dónde vives?* Tofauti ni s moja mwishoni. Niliona ni usumbufu. Kwetu heshima tunaimaliza mlangoni kwa shikamoo, baada ya hapo babu na mjukuu wote huulizwa "unakaa wapi?" na hakuna anayeumia. Nikaamua kukariri moja tu, ile yenye s, kwa hoja kwamba ndugu wote ni sawa.

Kisha akaja mkuu wa madaktari wa Kuba, mzee mwenye mvi, kukagua kazi. Mama akamwalika chakula, akasonga ugali wa ulezi, akapika migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika. Mimi na dada tulisimama bega kwa bega na jagi la maji ya kunawa. Tukasema shikamoo, kisha tukauliza swali kwa pamoja, kama tulivyopangiwa. S ikasikika mpaka jikoni.

Mzee alicheka. Daktari naye akacheka, akamwambia mama kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mmoja ameita mzee rafiki."

Mama hakucheka. "Nani?"

"Dada," nikasema.

"Mimi?"

"Nyamaza," mama akamkemea. "Mkubwa mzima!"

Masomo ya dada ya Kihispania yakaishia hapo. Mimi nikaendelea, na biskuti zangu zikawa mbili. Kuba dada hakwenda. Leo anauza maharage kwa jumla mjini na anamtunza mama, ambaye bado anawasimulia wageni kisa cha binti yake asiye na adabu.

Mwezi uliopita dada alinipigia simu.

"Mama amekisimulia tena. Safari hii kwa watu waliokuja kumposa mwanangu. Wanatazamana tu."

"Pole, dada."

"Sitaki pole. Hebu uliza lile swali kwa Kihispania chako, cha marafiki."

"*¿Dónde vives?*" nikasema, s safi kama ya mtangazaji wa redio.

"Sasa nisikilize mimi. Cha marafiki vilevile." Akasema: "*¿Dónde vive?*"

"Mbona umeacha s?"

"Sijawahi kuwa nayo. Yule daktari alikuwa anazimeza s zote za mwisho, na mimi nilijifunza mdomoni kwake. Wewe ulijifunza kwenye daftari. Hata ningetaka kumkosea adabu yule mzee, mdogo wangu, nisingeweza."

Nikasikia kikohozi ninachokijua. Simu ilikuwa imewekwa kwenye spika.

"Wewe," mama akasema. "Ni kweli?"

"Shikamoo, mama."

"Shikamoo baadaye. Ni kweli?"

"Ni kweli. Ni mimi."

"Wageni bado wamekaa hapa," akasema mama. "Rudia, kwa sauti."

Nikarudia.