Onesmus na Risasi za Dubu

Onesmus Kilonzo hakuwahi kumwona dubu maishani mwake, wala hakuwahi kushika bunduki, lakini kulikuwa na majuma fulani mjini Riyadh alipoheshimiwa kama bingwa wa mambo yote mawili. Mwenyewe alipokisimulia kisa hiki nyumbani Emali alikuwa akicheka hadi anashika ukuta. Sasa amelala upande wa pili wa boma, Mungu amlaze mahali pema, na kisa kimebaki bila mwenyewe. Acheni kisimuliwe kama alivyokisema.

Alikuwa mtu wa bucha. Baada ya kidato cha nne alimsaidia mjomba wake kukata nyama, na Jumapili aliimba besi katika kwaya ya kanisa. Vijana walipoanza kumiminika Saudia, dadake Zipporah alitangulia Jeddah, kazi ya nyumbani mtaa wa Al-Nuzha. Onesmus akafuata, ila yeye akaangukia Riyadh, dereva wa mzee mmoja aliyeitwa Abu Nasir.

Abu Nasir alikuwa na mwili mkubwa na moyo mwepesi. Biashara yake ya viyoyozi alikuwa amewaachia wanawe, akabaki na kahawa, kelele na uwindaji. Siku ya kwanza kabisa, gari halijatoka hata getini, alimgeukia dereva wake mpya macho yakiwaka.

"Kenya! Simba! Umeua wangapi?"

"Hata mmoja, baba. Kwetu kuwinda kumekatazwa. Ukishikwa na mguu wa digidigi tu, unalala ndani."

Abu Nasir akampiga bega. "Mashallah! Mashujaa hawajisifu."

Ikawa ndiyo hivyo. Onesmus alivyozidi kukana ndivyo sifa zake zilivyozidi kukua. Wageni wakija, mzee aliwanong'oneza, "Dereva wangu huyo, mwinda simba," nao wakamtazama mikono yake minene ya kukatia mifupa na kuamini kila neno.

Mwaka wa 2016 rafiki mmoja wa Abu Nasir, Mrusi waliyefanya naye biashara, alimwalika kwao kuwinda dubu wakubwa wa kahawia. Mzee hakulala vizuri kwa furaha. Alikuwa na bunduki nzito yenye leseni, na kilichobaki ni kuchagua risasi. Hapo ndipo nyumba ilipogawanyika.

Alasiri moja Onesmus aliitwa sebuleni kwa wanaume. Juu ya sinia ya kahawa, kati ya vikombe na tende, zilisimama risasi tatu.

"Hii," akasema Abu Nasir akiinua ya kwanza, yenye ncha laini, "ni nyepesi na inakwenda kasi. Nimewaangushia swala wengi. Ikiingia mwilini inafunguka kama ua."

"Dubu si swala," akakatiza shemeji yake, Abu Talal, mtu mwembamba aliyependa kubishana kuliko kula. "Chukua hii ya pili. Chuma kitupu, haifunguki, haisimami. Ndiyo ya tembo."

"Na hii ya tatu?" akauliza Onesmus.

"Nzito," mzee akasema bila hamu. "Mbele ni laini, lakini kiini kimegandishwa na koti lake la shaba ili isisambaratike. Inapiga teke kama punda. Halas, tumebishana vya kutosha! Wewe ndiye mwenye simba. Utakayochagua ndiyo nitakayobeba."

"Baba, mimi sijui."

"Unaona unyenyekevu?" mzee akamwambia shemeji yake. "Jifunze."

"Basi nipe muda nifikiri."

"Anafikiri! Abu Talal, umesikia neno hilo? Jaribu siku moja."

Walicheka wote, na Onesmus akatoka akicheka nao, lakini alipofika kwenye gari kicheko kiliisha. Mnyama mzito kuliko fahali angemjia mzee huyu mbio, na katikati yao kungekuwa na neno la mkata nyama wa Emali.

Madam, mke wa mzee, naye alikuwa na yake. Akipelekwa sokoni alijifunika vizuri, akainama mbele kutoka kiti cha nyuma.

"Onesmus, mwambie zote hazifai. Atakaa nyumbani."

"Madam, nikisema hivyo ataazima za yule Mrusi."

"Atakufa huko kwenye theluji, na mimi nitabaki na Abu Talal!"

Ijumaa, siku yake ya mapumziko, Onesmus alikwenda mtaa wa Batha kuonana na Wakenya wenzake, lakini hata chai aliiacha ikapoa. Akasimama pembeni ya duka la simu, akampigia dadake.

"Si useme tu hujui?" Zipporah akamwambia.

"Nimesema mpaka mdomo umechoka, Zippo. Wanasema mimi ni mnyenyekevu."

Zipporah alicheka hadi akakohoa. "Wewe? Mnyenyekevu? Mama asikie hayo! Haya, wewe mwenyewe unaona ipi?"

"Ile ya chuma kitupu. Dubu ni mnene. Si inataka kitu cha kupita?"

"Na kama umekosea?"

Onesmus alihamishia simu sikio la pili.

"Ones, hiyo ni damu ya mtu. Usiibebe kwa kubahatisha. Kwanza niambie, pale bucha, mteja akibisha kwamba nyama ni ngumu, mlikuwa mnafanya nini?"

"Tunamchomea kipande, anaonja."

"Haya. Mwonjeshe."

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi Onesmus alimwambia mzee waziwazi: "Baba, mimi naona ile ya chuma. Lakini usiniamini, na huyu shemeji usimwamini. Tupige zote tatu, uone kwa macho yako, ndipo ununue."

Alikwenda mwenyewe kwa muuza nyama, akachagua mabega matatu ya ngamia wakubwa, yale yenye mfupa mpana, nyama nene na mafuta juu. Walipofika shambani kwa mzee, nje ya mji, aliyatundika kwenye fremu ya mlango mbovu, na nyuma ya kila bega akapanga magunia yaliyojazwa magazeti yaliyoloweshwa maji, moja nyuma ya jingine, na nyuma ya yote lundo la mchanga. Abu Talal alizunguka akitoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba.

Mzee alipiga kwanza ile aipendayo. Bega lilirukaruka, nyama ikatapakaa, na Abu Nasir akainua mikono kama aliyefunga bao. Onesmus akaja na kisu chake, akapasua. Uso wa nyama ulikuwa na shimo la kutisha, lakini mfupa ulikuwa umepata ufa tu. Risasi yenyewe ilikuwa imevunjika chengachenga juu yake. Katika gunia la kwanza hakukuwa na kitu.

"Dubu huyo bado anakuja," akasema Abu Talal kwa furaha.

Ikapigwa ya chuma. Bega halikutikisika sana. Onesmus alipopasua alikuta kitundu chembamba, kinapita nyama, kinapita mfupa, kinapita magunia yote, kinazama mchangani. Walichimba mpaka wakachoka, risasi hawakuipata.

Onesmus alichomeka kidole ndani ya kile kitundu, akakitoa, akakitazama. Ndiyo aliyoichagua yeye. Dubu aliyetobolewa hivyo angekufa, lakini si upesi, na kabla ya kufa angekuwa na nafasi ya kutosha ya kumalizana na mzee.

"Nimekosea, baba," akasema. "Mimi na shemeji."

Abu Talal akaanza kukung'uta mchanga kwenye kanzu yake.

Ya tatu ilimrudisha Abu Nasir hatua nzima nyuma. Ilivunja mfupa vipande viwili, ikapasua njia pana ndani ya magunia, na Onesmus akaichimbua ndani kabisa, nzima, imetanuka mbele kama uyoga. Mzee aliipokea kiganjani, bado ina joto, akaigeuzageuza.

"Kwa hiyo kweli hujui bunduki," akasema mwishowe.

"Baba, nimekuwa nikisema."

Siku zilizofuata Onesmus alimpeleka shambani kila asubuhi azoee teke la ile nzito, naye mzee akarudi na bega jeusi ambalo madam alilipaka mafuta huku akilaani Warusi wote. Kisha mzee akaondoka. Madam akahamia kwa mamake, Aziziya, Jeddah, na Onesmus akamwendesha huko. Simu ya mzee haikushika. Zipporah akiwa Al-Nuzha na kakake akiwa Aziziya, waliomba pamoja kwa simu wakati wa chai, wakimtaja kwa jina mzee ambaye Zipporah hakuwahi kumwona.

Abu Nasir alishuka uwanja wa ndege wa Jeddah akiwa mzima, amechomwa na baridi, anaongea tangu mlangoni hadi ndani ya gari. Dubu alitoka vichakani karibu na mto, karibu kuliko walivyotaka. Mzee alimpiga begani. Dubu akaanguka, akainuka, akaja kwa miguu mitatu, akapigwa ya pili, akalala. Walipomchuna walikuta bega limevunjika na pafu limepasuka.

"Alipoinuka," mzee akasema kutoka kiti cha nyuma, na sauti yake ikapungua, "niliona zile chenga za risasi yangu juu ya mfupa wa ngamia. Onesmus, ningekuwa nayo ile, nisingekuwa hapa. Nakushukuru."

"Mshukuru Mungu, baba. Mimi ningekupa ile nyingine."

Madam, aliyekuwa kando yake akifuta machozi, alisimamisha kitambaa hewani.

"Nyingine ipi?"

Onesmus alimtazama mzee kwenye kioo, mzee naye akageuka upesi kutazama nje.

"Yalla, Onesmus," akasema Abu Nasir. "Endesha."