Mrututu Kinywani mwa Baba

Mjerumani aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya kijiji chetu cha Akheri alikuwa mtu wa huruma nyingi, hasa kwa ndoo. Siku ulipofika mrututu, yale mawe ya buluu ya kutibu majani ya kahawa, alitukusanya wafanyakazi wote akatufundisha usalama wa kazi. Mrututu unakula chuma, alisema, kwa hiyo atakayeutia ndani ya ndoo atapigwa viboko hamsa ishirini. Juu ya vidole vyetu hakusema neno. Yeye mwenyewe alivaa glavu za ngozi na miwani, akasimama upande unakotoka upepo, akatuelekeza kwa fimbo namna ya kukoroga.

Mkorogaji nilikuwa mimi. Mrututu niliuyeyusha kwenye pipa la mbao, kisha ulitakiwa kubebwa hadi mitini, ukachanganywe kwenye mapipa ya chokaa. Kwa kuwa ndoo zilikuwa zimelindwa, tulileta vibuyu vya nyumbani, vile vile vya maziwa na pombe. Nikaogopa mtu asije akasahau akanywa, basi nikafunga nyasi mbichi shingoni mwa kila kibuyu chenye sumu. Nilijiona nimempita bwana kwa akili, na sikulificha hilo.

Baba yangu alikuwa mzee wa baraka. Watoto wachanga, ng'ombe, watu wa safari, wote waliletwa kwake awapulizie pombe kwa kinywa chake, na hiyo ndiyo heshima pekee aliyokuwa nayo duniani. Wenzangu walikataa kuyagusa maji ya buluu kabla hayajabarikiwa. Bwana akakubali, maana baraka ilikuwa ya bure.

Baba alifika asubuhi, akakuta vibuyu vimepangwa kando ya pipa: kimoja cha pombe, vingine vyangu. Sasa, mzee gani wa huku kwetu, akiona kibuyu kilichofungwa nyasi mbichi na kingine kiko shingo tupu, atauliza kipi ni cha baraka? Nyasi mbichi ni amani, na kila mchunga mbuzi anajua. Hata mimi nilijua. Akili nyingi huondoa maarifa.

Alichukua chenye nyasi, akajaza kinywa, akaipulizia kahawa ya bwana kwa nguvu zake zote, kisha akapiga magoti. Alitapika buluu. Wanawake walileta maziwa, tukamnywesha, nami nilikishika kichwa chake, nikimwomba Mungu asife kwa mkono wangu. Bwana alikuja mbio. Aliuliza dawa iliyomwagika ni kiasi gani. Kesho yake akatoa amri mpya: wazee ni marufuku shambani. Usalama ukawa umekamilika.

Baba hakufa. Midomo ilipona, akala ugali na ndizi kama zamani, na mimi nikaanza kujidanganya kwamba yamekwisha.

Mwaka uliofuata nilipata mtoto wangu wa kwanza. Nilimpeleka kwa baba siku mtoto alipotolewa nje kwa mara ya kwanza, pamoja na kibuyu cha pombe. Alimpakata. Kibuyu hakukigusa.

"Mpeleke kwa mzee mwingine, mwanangu," alisema. "Kinywa changu kimetoa sumu. Sitampulizia mtoto."

Nikamwambia mimi ndiye niliyekiharibu kinywa chake.

"Najua," alisema, akamfunika mtoto vizuri, akanirudishia.